Faranga Moja kwa Mwaka

Machi 1921, mjini London, Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mkataba wa upangaji. Kilichopangishwa ni eneo la bandari Dar es Salaam na lingine Kigoma, mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ipate kupita bila usumbufu wa forodha. Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Muda wa kupanga: milele.

Aliyewahi kutafuta chumba Dar, akadaiwa kodi ya miezi sita mkononi kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi, atairudia sentensi hiyo. Mimi niliirudia. Lakini iache kodi, mtazame aliyepangisha. Siku wino ule unamwagika, Uingereza haikuwa hata na hati ya kuitawala Tanganyika; Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, lilikuja kuithibitisha Julai 1922. Na hati yenyewe ilipokuja haikusema kwamba nchi ni ya Mwingereza. Ilisema amekabidhiwa aitunze. Mlinzi wa nyumba, kabla hajaandikiwa barua ya ajira, kashampangishia jirani chumba cha uani, yeye na vizazi vyake.

Vita kubwa ikikaribia ukingoni, mazungumzo yetu huwa ya ramani. Pita kijiwe chochote kinachojadili Ukraine utasikia: nani atabaki na mkoa upi, nani ataondoka na aibu, nani atalipa. Maswali halali kabisa, ila hayafiki kwenye kiini. Mshindi kuchukua si habari. Amechukua tangu dunia iumbwe. Habari ni yale anayolazimika kuyatamka ili achukue bila kuzomewa. Kisingizio hicho huandikwa, hutiwa saini, hufungiwa kabatini. Halafu siku moja mtoto wa yule aliyenyang'anywa hulifungua kabati.

Nitaeleza kwa vita tunayoijua, ile ya 1914 hadi 1918, kwa sababu mwisho wake ndio uliotuchorea sehemu ya mipaka tunayogombania mechi za mpira hadi leo.

Kwetu iliisha kwa kuchelewa. Ulaya bunduki zilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa porini Rhodesia ya Kaskazini, upande wa Kasama, bado anatembeza vita. Habari aliipata tarehe 13, kwa sababu watu wake walimkamata tarishi wa Kiingereza aliyekuwa kwenye pikipiki. Tarehe 25 akasalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia: Wazungu 155, askari 1,168, na nyuma yao wapagazi, wanawake na watoto waliokuwa wamefuatana na jeshi miaka yote ile. Machi 1919 akapokewa Berlin kishujaa, kamanda ambaye hakushindwa uwanjani. Na kweli hakushindwa. Haikusaidia chochote. Koloni aliyoipigania miaka minne ilikuwa imeshaanza kugawanywa na watu waliovaa suti, na hesabu yao haikuwa na safu ya nani alikimbia na nani alisimama.

Wala haikuwa na safu ya wapagazi. Waingereza wenyewe waliandika kwamba waliokufa upande wao ni zaidi ya 40,000. Watafiti waliokuja baadaye wanasema idadi ya kweli inakaribia 100,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara, malaria na posho ya unga usioiva. Ugogo, majeshi ya pande zote mbili yalipokwisha kukomba ng'ombe, nafaka na vijana, iliingia njaa ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, yaani kunyang'anyana. Jeshi la wapagazi la Mwingereza liliitwa Carrier Corps. Sisi tukalitafuna likawa Kariakoo, wenzetu wa Nairobi wakalitafuna likawa Kariokor. Nenda katikati ya Dar, pale Samora, ukaitazame sanamu ya askari iliyowekwa 1927 mahali ilipokuwa sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Bunduki yake imeelekea bandarini. Anayesimama juu ni askari. Mpagazi amepewa mstari kwenye maandishi, kwamba alikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Sasa twende Paris, kwenye mkutano wa amani, Januari 1919.

Kama vita vingeisha kwa mtindo wa zamani, mambo yangekuwa mepesi: aliyeshika nchi, nchi yake. Mbelgiji alikuwa ameiteka Tabora tangu Septemba 1916 na ameikalia Rwanda na Burundi. Mwingereza alikuwa na sehemu kubwa iliyobaki. Mreno alikuwa anaitaka Kionga, kipembe cha ardhi kusini ya mdomo wa mto Ruvuma, na mwishowe akapewa. Lakini miaka miwili ya mwisho ya vita iliharibu mtindo huo. Novemba 1917 Wabolsheviki, wanamapinduzi wa Urusi, walitwaa madaraka Petrograd, wakafungua makabati ya mfalme wa Urusi na kuichapisha gazetini mikataba ya siri ambayo kwayo wakubwa walikuwa wamegawana nchi za watu. Aibu ilikuwa kubwa. Januari 1918, Lloyd George, waziri mkuu wa Uingereza, akasimama London na kusema kwamba katika kuamua hatima ya makoloni ya Ujerumani, matakwa na maslahi ya wenyeji yatangulizwe. Siku tatu baadaye, tarehe 8, Woodrow Wilson, rais wa Marekani, akatoa hoja zake 14 za amani. Wote wawili walikuwa wanashindania masikio ya watu waliochoka: wafanyakazi wa Ulaya, wanajeshi kwenye mahandaki, na makoloni yaliyokuwa yakitoa damu.

Baada ya maneno hayo, kusimama Paris na kusema "hii naichukua" kukawa kugumu. Ndipo ukapatikana utaratibu wa udhamini, yaani mshindi aitunze nchi bila kuimiliki, na mshenga wake mkubwa alikuwa Jan Smuts wa Afrika Kusini. Huyu tunamjua. Mwaka 1916 ndiye aliyeongoza majeshi ya Uingereza kumkimbiza Lettow-Vorbeck kutoka Kilimanjaro kuteremka kusini. Smuts aliuandika udhamini kwa ajili ya nchi zilizobanduka kutoka himaya za Ulaya na Uturuki. Waafrika hakuwaona kuwa watu wa kuhusishwa na jambo la heshima kama hilo, na Afrika ya Kusini Magharibi, ndiyo Namibia ya leo, aliitaka iwe mali ya nchi yake moja kwa moja. Wilson akakataa, makoloni yasitengwe. Mwafaka ukawa madaraja matatu: A kwa Waarabu waliotoka mikononi mwa Mturuki, B kwa nchi kama yetu, C kwa zile ambazo mshindi alizitaka sana, Namibia ikiwemo.

Usidhani kulikuwa na ukarimu mle ndani. Japani iliomba liandikwe neno la usawa wa mataifa katika hati ya Shirikisho. Tarehe 11 Aprili 1919 pendekezo lilipata kura 11 kati ya 17, na Wilson, huyu huyu wa hoja 14, akiwa mwenyekiti, akasema jambo zito kama hilo linahitaji kauli moja. Likafa. W. E. B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, aliitisha mkutano wa watu weusi Paris mwezi Februari, wajumbe 57, wakaomba makoloni ya Ujerumani yawekwe chini ya uangalizi wa kimataifa. Walisikilizwa kwa adabu, basi. Wapo waliotaka Tanganyika ipewe India kama malipo ya askari wake, Aga Khan, kiongozi wa Waismailia, mmoja wao. Hata jina lilijadiliwa bila sisi. Miongoni mwa yaliyopendekezwa ni Smutsland, Windsorland na Victoria. Januari 1920 likachaguliwa Tanganyika, kwa hoja kwamba liwe jina la mahali penyewe. Kila nikiwaza kwamba tungeweza kuimba wimbo wa taifa wa Windsorland namshukuru karani aliyekataa, awe nani.

Nataka tukae kidogo kwenye ibara ya 22 ya hati ya Shirikisho, kwa sababu ndipo jambo zima lilipojificha. Ibara ilisema nchi hizi zinakaliwa na watu ambao bado hawawezi kusimama wenyewe katika dunia ya sasa, na kwamba ustawi wao ni amana takatifu ya ustaarabu. Ni maneno ya dharau. Lakini msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kuuona mlango ambao Mzungu mwenyewe huenda hakuuona. Ukimuuliza mtu "umekula?" akajibu "sikula", hajakuahidi kitu. Akijibu "bado", amekubali kwamba atakula. Kilichobaki ni saa. Waliofikiri wanatia "bado" ili watutawale kwa starehe waliweka saa ukutani, na saa haina adabu, inatembea tu.

Udhamini nao tunaujua. Mdhamini wa mahakamani hamiliki mshitakiwa. Aliyewekewa amana anaweza kuila, wengi huila, lakini hawezi kusema ni yake mbele za watu. Ndiyo maana kila mwaka Mwingereza alitakiwa kupeleka taarifa Geneva, makao ya Shirikisho, kwa tume iliyouliza kodi ilikusanywa vipi, kazi ya shuruti ipo au haipo, shule ni ngapi. Tume haikuwa na bunduki, wala Mtanganyika hakuweza kuiandikia isipokuwa barua yake ipitie kwa mtawala yule yule anayemshitaki. Ni utaratibu dhaifu mno. Hata hivyo, mlinganishe Mtanganyika na Mkenya uone.

Kenya haikuwa ya Mjerumani, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kisingizio juu yake. Wapagazi wengi walitoka kwao, walioacha mifupa Mahenge na Rufiji. Malipo? Mwaka 1919 ulianza mpango wa kuwapa mashamba wanajeshi waliopigana, na waliopewa walikuwa Wazungu. Wanandi wakapoteza ardhi katika mpango huo huo. Mwaka 1920 nchi ikatangazwa koloni la mfalme. Kipande, kitambulisho cha lazima cha Mwafrika, ambacho sheria yake ilitungwa 1915, kikaanza kuning'inizwa shingoni mwa wanaume waliorudi kutoka vitani. Machi 1922 Harry Thuku, aliyekuwa akiyapinga hayo, akakamatwa, watu wakakusanyika kumdai Nairobi, wakapigwa risasi. Hapakuwa na Geneva ya kuuliza swali hata la kizembe.

Walowezi wa Kenya na marafiki zao London, waziri wa makoloni Leo Amery akiwa mbele, walitaka miaka ya 1920 kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika ziwe nchi moja wanayoiendesha wao. Gavana wa Tanganyika, Donald Cameron, alipinga, na alipopinga alikuwa na pa kushika: hii nchi ni ya dhamana, si ya kuchanganywa na ardhi ya mfalme. Ujerumani nayo, iliyoingia Shirikisho la Mataifa 1926, ikawa inapiga kelele kila mpango huo ulipotajwa. Mwenye kushindwa anayatumia maneno ya aliyemshinda. Sioni kioja kuliko hicho. Simsafishi Cameron, wala sisemi Tanganyika ilikuwa peponi. Kodi ya kichwa ilikuwepo, mkonge ulikuwepo na manamba wake, ardhi nzuri ya Kaskazini ilichukuliwa. Tena dhamana ilituletea umaskini wa namna yake: miaka ya 1930, Hitler alipoanza kudai makoloni, wenye mitaji waliogopa kuwekeza nchi ambayo huenda ikarudishwa kwa Mjerumani kama chenji, na mwaka 1938 walowezi wakaunda chama kizima cha kuzuia tusirudishwe. Lakini Tanganyika haikuwa nchi ya walowezi, na sehemu ya sababu ni karatasi.

Kuna atakayeniuliza: na Namibia je? Ndiyo, hapo hoja yangu inachechemea, na siifichi. Hati ni ile ile, ibara ni ile ile. Baada ya 1945 Afrika Kusini ilikataa kabisa kuihamishia Namibia kwenye udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikaendelea kuikalia, na mahakama ya kimataifa iliposema 1971 kwamba ukaaji huo ni haramu, ikakaa kama haikusikia. Uhuru ulipatikana tarehe 21 Machi 1990, baada ya vita virefu vya msituni. Rwanda na Burundi zilikuwa daraja B kama sisi, na Mbelgiji alizichukua bila hata kuzitaka sana: alitarajia kuzitumia kubadilishana ili apate ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo kutoka kwa Mreno. Biashara ikagoma, akabaki nazo. Mwaka 1925 akaziunganisha kiutawala na Kongo, na katika miaka ya 1930 akagawa vitambulisho vilivyoandika mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kabla ya hapo, Waingereza walikuwa wamekata Gisaka, mashariki ya Rwanda, wakiota reli ya kutoka Rasi ya Afrika Kusini hadi Cairo. Mwami Musinga, mfalme wa Rwanda, na wamisionari wakalalamika, ikarudishwa. Bugufi, iliyokuwa ya Burundi, haikurudishwa, ndiyo maana Ngara leo wanazungumza lugha inayovuka mpaka bila pasipoti.

Kwa hiyo maneno peke yake hayatoshi. Yanahitaji wapagazi.

Tanganyika iliwapata baada ya vita ya pili. Mwisho wa vita ile ulifanya jambo dogo lakini la maana: ukapanua tundu lililoachwa na mwisho wa vita ya kwanza. Chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, ambalo Tanganyika ilikabidhiwa Desemba 1946, mwananchi aliweza kupeleka malalamiko mwenyewe, na kila miaka mitatu ujumbe ulikuja kutembelea nchi. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi iende kwa walowezi, nyumba zikachomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York, mbele ya dunia, kuwasemea. Ardhi hawakurudishiwa papo hapo. Ila watu wa wilaya nyingine waliona kwamba kumbe mtu anaweza kupanda ndege kutoka Meru akamshitaki Mwingereza kwa wakubwa wenzake, na asiuawe.

Ujumbe wa 1954, ndani yake Mmarekani Mason Sears na mjumbe kutoka India, ulifanya kile ambacho watawala walikikimbia miaka 35: uliipa "bado" tarakimu. Miaka 20 hadi 25, wakasema. Waingereza wakang'aka kwamba ni mapema mno. Tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere, TANU yake haijatimiza mwaka, akaingia kwenye Baraza hilo na kuongea kwa upole uliowashangaza waliotarajia mchochezi. Uhuru mnaujua: 9 Desemba 1961, hata miaka saba haikutimia.

Basi vita ya sasa itakapokwisha, mimi sitaanza na ramani. Nitatafuta aya ambayo mwenye nguvu aliitia kwa shingo upande ili wenzake wasimwone mnyang'anyi. Nitaangalia vilevile kama kuna baraza la kupelekea hiyo aya, maana Baraza la Usalama lililopo sasa limechoka, na wale wenye kura ya turufu ndio hao hao wenye vita.

Turudi bandarini. Lile eneo la faranga moja lilikuja kujulikana kama Belbase, na miaka arobaini mizigo ya Mbelgiji ilipita hapo kama kwao. Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya bendera kupanda, Nyerere akiwa waziri mkuu alilieleza Bunge msimamo wa nchi juu ya mikataba iliyoachwa na Mwingereza. Mingi ataipa miaka miwili, aiangalie mmoja mmoja. Alipofika kwenye Belbase hakukasirika wala hakutaja unyonyaji. Alisema kitu cha kiwakili, baridi kabisa: aliyepangisha milele alikuwa na haki ya muda tu katika Tanganyika, na mwenye haki ya muda hawezi kutoa haki ya milele. Hoja hiyo hakuitoa kwa Marx wala kwa wazee wa Butiama. Aliitoa kabatini kwa Waingereza wenyewe.

Malori ya Lubumbashi na Bujumbura bado yanapanga foleni kuingia bandari ya Dar es Salaam, mengine hadi usiku, matandiboi wamelala chini ya trela wakisubiri karatasi zitoke. Na hayalipi faranga moja.